Mipango ya afya, lishe, ustawi wa jamii na TASAF katika halmashauri: iunganishwe wapi?

AfisaUstawi_Kusini aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba ushauri wa watu waliowahi kushika kalamu katika maandalizi ya mpango na bajeti ya halmashauri, hasa waliotoka afya, maendeleo ya jamii au mipango. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri ya wilaya huku kusini mwa Tanzania, na safari hii nimepangiwa kuandika sehemu ya ustawi wa jamii ndani ya Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ule tunaouita CCHP. Kabla sijaanza kujaza majedwali kuna jambo linaninyima usingizi, na nitalieleza kwa mfano.

Mwaka jana nilifika kwa bibi mmoja katika kitongoji kilicho kilomita ishirini na ushee kutoka hospitali ya wilaya. Analea wajukuu watatu. Wa katikati ana ulemavu wa miguu, na wa mwisho alikuwa na miaka miwili na nusu. Nilipofungua daftari langu, bibi aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni, akanipangia vilivyomo juu ya mkeka mbele yangu: kadi ya kliniki, kitambulisho cha mnufaika wa TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya mtu wa lishe, na fomu ya rufaa iliyokunjwa mara nne. Fomu ile ilikuwa na siku kumi na moja. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikuwa amempima mtoto mkono kwa utepe, ukasoma nyekundu, naye akafanya kama alivyofundishwa: akamwelekeza bibi zahanati, na zahanati ikaandika rufaa ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Matibabu ya mtoto wa umri ule hayalipiwi. Kilichokosekana ni nauli ya bodaboda hadi barabara kuu, nauli ya basi kutoka hapo, na mtu wa kubaki na wale wajukuu wawili. Malipo ya TASAF yalikuwa bado wiki tatu. Watu wanne wa serikali walikuwa wameingia katika ua ule ndani ya robo moja ya mwaka, kila mmoja na daftari lake, na naamini taarifa ya kila mmoja wetu ya robo ile ilikuwa kamili na ya kweli. Mtoto tulimfikisha hospitali na yuko hai. Lakini nimejiuliza tangu siku ile: katika mipango yetu yote, ni ukurasa gani uliopaswa kuzuia zile siku kumi na moja?

Maana mipango ipo mingi. Kuna CCHP. Kuna mpango jumuishi wa lishe, wenye mkataba ambao wakuu wa mikoa walianza kuusaini mwaka 2017, na agizo la kila halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kuna MTAKUWWA, mpango wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wenye kamati kuanzia kijiji hadi wilaya. Kuna TASAF na utaratibu wake. Kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa muundo wa sasa sisi wa ustawi wa jamii tumo katika divisheni moja na afya na lishe, wakati maendeleo ya jamii ni divisheni nyingine. Na tangu Januari 2022, iliyokuwa wizara moja ya afya na maendeleo ya jamii ilipogawanywa, taarifa zetu zinaelekea wizara mbili mbali na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa.

Swali langu ni hili: mipango hii iunganishwe wapi? Tuandike hati moja kubwa ya halmashauri? Tuwe na kamati moja? Daftari moja la kaya? Au tatizo haliko kwenye hati hata kidogo?

---

KatibuAfya_Mstaafu alijibu:

Ndugu Afisa, nimesoma habari ya ule mfuko wa nailoni mara mbili. Nilifanya kazi ya ukatibu wa afya miaka mingi na nimeshiriki kuandika mipango kabambe zaidi ya kumi, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na jambo moja la historia yetu ambalo vijana wengi hawakusimuliwa.

Usianze na hati moja kubwa. Nilishuhudia jaribio la namna hiyo: mchumi wa halmashauri alikusanya mipango ya sekta zote za jamii, akaibandika pamoja katika kitabu kimoja kinene chenye dibaji nzuri, na kila idara ikarudi kutekeleza sura yake. Muunganiko ulibaki kwenye jalada. Unaujua PlanRep, mfumo wetu wa kompyuta wa mipango na bajeti, ulivyo: kila lengo lina shabaha zake, kila shabaha ina shughuli, kila shughuli ina kifungu cha fedha na mtu wa kuitolea taarifa. Jambo lisilo na kasma, yaani kifungu hicho cha fedha, halitekelezwi, hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu. Sasa itafute kasma ya kile kilichokosekana kwa yule bibi. Upimaji una kasma, mafunzo ya wahudumu yana kasma, usimamizi shirikishi una kasma, dawa zina kasma, uhawilishaji wa fedha, yaani ruzuku kwa kaya maskini, una mfuko wake. Nauli ya mama au bibi kutoka zahanati kwenda hospitali haina, wala hakuna saa za kazi za mtu yeyote zilizopangwa kwa ajili ya kupiga simu siku ya pili kuuliza kama mgonjwa amefika. Siku kumi na moja zilipotea katika nafasi iliyo kati ya kasma mbili. Hapo ndipo pa kuunganisha.

Historia niliyoitaja ni ya Rufiji na Morogoro Vijijini. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa ushirikiano na shirika la utafiti la Kanada la IDRC, iliendesha katika wilaya hizo mbili mradi uliojulikana kama TEHIP. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka: timu ya afya ya wilaya ikipewa fedha kidogo za ziada, chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka, pamoja na takwimu za kweli za kinachowaua wananchi wake, je, vifo vitapungua? Wadadisi walipita kaya kwa kaya wakiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Hesabu ilipofanywa Morogoro, malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo vya mapema, ilhali katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilikuwa imepewa asilimia 5. Magonjwa ya utotoni yanayokwenda pamoja, yaani nimonia, kuhara, surua, utapiamlo na malaria ya watoto, yalibeba asilimia 28 ya mzigo na kupewa asilimia 13 ya fedha. Timu zikahamisha fedha kulingana na mzigo, zikaingiza matibabu jumuishi ya magonjwa ya watoto, zikahimiza vyandarua, na kule Rufiji vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikashuka kutoka 140 hadi 120 kwa kila watoto 1,000 kati ya mwaka 1999 na 2000.

Kuna sehemu ya mradi ule ambayo haikusifiwa sana na ambayo mimi naiona inakuhusu zaidi. Kabla yake, kila programu ilituma msimamizi wake na gari lake kwenye zahanati ileile. Wao wakaziweka zahanati chini ya vituo vya afya vilivyo jirani, vituo vikapewa redio ya mawasiliano, na kituo kikawa ndicho kinachosimamia kazi zote kwa pamoja. Hawakuziunganisha programu makao makuu ya wilaya. Waliziunganisha katika ngazi ambayo mtu mmoja anaweza kuzijua zahanati zake zote kwa majina ya watumishi wake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kila zahanati ina mpango wake unaopitishwa na kamati yake ya usimamizi kabla haujaunganishwa kuwa mpango wa halmashauri. Shuka huko sasa, kabla ukomo wa bajeti haujagawanywa. Kaa na mganga mfawidhi na mwenyekiti wa kamati, muandike shughuli moja ya ufuatiliaji wa rufaa za watoto wenye utapiamlo mkali na wa watu wenye ulemavu: nauli, vocha ya simu, na jina la mhusika. Soma kwanza mwongozo wa mwaka husika ujue fedha ya kituo inaruhusiwa kulipia nini. Kama nauli haimo, ipeleke kwenye zile shilingi 1,000 za lishe kutoka mapato ya ndani, na hoja hiyo itetewe na afisa lishe mbele ya Mkurugenzi. Ukichelewa hadi Timu ya Menejimenti imeshakaa, utaambiwa subiri mwaka ujao, na huyo atakayekuambia hivyo atakuwa anasema kweli.

---

MtendajiKata_Nyanda alijibu:

Ninakubaliana na Mzee Katibu kuhusu kasma, lakini naomba niongeze lililo ngazi yangu, kwa sababu mipango yote mliyoitaja inaposhuka chini inakutana mezani kwangu, na mara nyingi inakutana siku moja bila kufahamiana.

Mimi ni mtendaji wa kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa kila robo, na ajenda ya huduma za jamii huwa ni kusoma taarifa: afya wanasoma, elimu wanasoma, maendeleo ya jamii wanasoma, watu wanapiga makofi, kikao kinafungwa. Miaka miwili iliyopita tulibadilisha jambo moja tu. Kabla ya kikao, kwa saa mbili, mganga wa zahanati, afisa maendeleo ya jamii, mwalimu mmoja, mwakilishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vijiji wanakaa ofisini kwangu bila taarifa yoyote ya kuandikwa, na kila mmoja analeta kaya zisizozidi tano zinazomshinda. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tuligundua kwamba kaya saba zilitajwa na zaidi ya mtu mmoja. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa ameacha shule, ambaye mwalimu alimhesabu kuwa mtoro; mganga akasema huyo ndiye anayemsindikiza mama yake kuchukua dawa. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari.

Fursa ya pili ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, SALIKI, inayofanyika kila robo. Watu wanakusanyika, watoto wanapimwa, mapishi yanafundishwa. Afisa ustawi asiwe mgeni mwalikwa siku hiyo. Ukiwa na meza yako pale, mtoto atakayesoma nyekundu atatoka kwenye mizani aje kwako, na wewe utaulizia nauli na nani atabaki nyumbani kabla hajaondoka uwanjani. Sisi tulikubaliana pia kwamba tarehe za SALIKI zipangwe zikizingatia ratiba ya malipo ya TASAF kila inapowezekana, kwa kuwa kaya zilezile zinatakiwa kumpeleka mtoto kliniki kama sharti la ruzuku.

Ninayo tahadhari moja, na naisema kwa uzito. Kile kikao cha saa mbili kinataja majina ya watu na maradhi yao. Mwanzoni mwenyekiti mmoja wa kijiji alitoka nje na habari ya mwanamke aliyepigwa na mumewe, na kabla ya jua kuzama mume alikuwa anaijua. Tangu hapo masuala ya ukatili hayatajwi katika kikao kile. Yanakwenda kwa afisa ustawi na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi peke yao. Daftari moja la kaya ninaliogopa kwa sababu hiyohiyo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria, yule mwanamke alikuwa na haki ya siri yake.

---

Mpangaji_Pwani alijibu:

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Nafanya kazi ya mipango katika kaunti moja ya pwani ya Kenya, na ninaandika ili msidhani kwamba hati moja ya pamoja, peke yake, inaondoa tatizo. Sisi tunayo hati hiyo kisheria. Kila kaunti huandika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano, tulio nao sasa ni wa 2023 hadi 2027, kisha kila mwaka mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1. Neno jumuishi limo katika jina lenyewe.

Ila Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni zetu. Pesa za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee na kaya dhaifu, zinatoka serikali ya kitaifa, na afisa wa watoto naye ni wa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo ninapoandika sura ya afya na sura ya ulinzi wa jamii, nusu ya wahusika hawapokei bajeti yangu wala hawawajibiki kwa gavana wangu. Nimejifunza kuandika katika mpango, badala ya maneno ya jumla kuhusu ushirikiano, makubaliano mahususi: ofisi gani itamjulisha nani, kwa fomu ipi, ndani ya siku ngapi.

Lililotusaidia zaidi ni wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa kitaifa Septemba 2023, zaidi ya 100,000 nchi nzima, ambao posho yao inachangiwa na serikali zote mbili. Huyu ni mtu mmoja anayezijua nyumba zake mia moja hivi. Tunapompa swali moja la ziada la kuuliza, liulizwe kwa niaba ya idara zote. Nimeona lakini kila idara ikitaka kumwongezea lake, na sasa kazi yangu kubwa katika vikao ni kuzuia fomu mpya. Nanyi mna mpango wa wahudumu wa jamii uliozinduliwa Januari 2024. Walindeni na mzigo huo mapema.

---

BabaWaMtoto alijibu:

Mimi si mtumishi wa serikali. Nina mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ana miaka tisa. Naomba mnisamehe kuingia katika mazungumzo ya wataalamu, lakini ninyi mnazungumza habari zangu.

Nimeulizwa jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na aina ya ulemavu mara nyingi kiasi kwamba mke wangu ameyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani, anayekuja anasoma. Sijawahi kuulizwa ni kitu gani kingenisaidia wiki hii. Ningeulizwa ningesema kiti mwendo kinachopita kwenye mchanga, na siku moja katika wiki ya mtu wa kukaa naye ili mama yake aende shamba. Ile asilimia mbili ya mikopo niliambiwa ni ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuwa na kikundi, na anayeshindwa kufanya kazi kwa ajili yake ni mama yake. Kama mnaandika mpango, andikeni na swali hilo ndani yake.

---

AfisaUstawi_Kusini aliandika tena:

Shikamoo Mzee Katibu, na ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Baba wa mtoto, hukuwa na sababu ya kuomba radhi. Nimelichukua swali lako kama lilivyo, nalo litakuwa la kwanza katika fomu yangu ya ziara ya kaya, kabla ya jina na tarehe ya kuzaliwa. Kuhusu mikopo, sina mamlaka ya kubadilisha masharti yake, lakini mlezi wa mtoto mwenye ulemavu hana budi kutajwa tunapowasilisha mapendekezo kwenye kamati ya madiwani ya elimu, afya na maji, na nitaomba nafasi ya kuyasema hayo mimi mwenyewe.

Jana nilikwenda kwenye zahanati ileile ya yule bibi. Nilikaa na mganga mfawidhi na wajumbe wawili wa kamati ya usimamizi. Tulihesabu kwenye rejista rufaa zote za utapiamlo mkali za miezi kumi na miwili, kisha tukapiga simu hospitali kuuliza nani alifika. Rufaa zilikuwa tisa. Waliofika ndani ya siku tatu walikuwa wanne. Wawili walifika baada ya wiki, na watatu hawakuonekana katika rejista ya hospitali kabisa. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, aliwajua wawili kati ya hao watatu kwa majina ya mama zao, akasema atawafuata leo.

Tumeandika shughuli moja: kugharamia nauli ya kwenda na kurudi ya mtoto na mlezi wake kwa rufaa kumi na mbili kwa mwaka, vocha ya simu kwa ufuatiliaji wa siku ya pili, na mhusika ni muuguzi wa zahanati akisaidiana nami. Kwa nauli za sasa za huku, jumla yake ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja cha siku mbili cha wilaya. Afisa lishe amekubali kuibeba endapo fedha za kituo hazitaruhusu. Kilichobaki ni wale wajukuu wawili wanaoachwa nyumbani. Kwa hilo sijapata kifungu. Mtendaji, katika kata yako huwa mnafanyaje?

---

MtendajiKata_Nyanda alijibu:

Hatujaweka fedha kwa hilo. Kikao cha saa mbili kikishajua kwamba mlezi anaondoka, mwenyekiti wa kijiji anataja jirani mbele ya mlezi mwenyewe, na mlezi anakubali au anamkataa. Akimkataa hatumuulizi sababu, tunataja mwingine. Jina la jirani linaandikwa nyuma ya fomu ya rufaa pamoja na namba yake ya simu, na muuguzi anapopiga simu hospitali siku ya pili anampigia na huyo jirani. Mara moja jirani alisema watoto hawajala tangu asubuhi, tukapeleka unga kutoka shuleni siku ileile. Weka ile simu ya jirani katika vocha yako. Nyie mmehesabu ya hospitali peke yake.